Vijidudu vya Matumbo na Vitamini za Mwili

Tumezoea kusikia habari za vijidudu kama tusikiavyo habari za wezi. Tukitaja kipindupindu, homa ya matumbo, kuhara damu na pepopunda, twajua ya kuwa kila ugonjwa katika hayo huletwa na viumbe vidogo mno visivyoonekana kwa macho, ambavyo wataalamu huviita bakteria. Ndiyo sababu twafundishwa kunawa mikono kwa sabuni, kuchemsha maji ya kunywa, na kuchimba choo mbali na kisima. Mafundisho hayo ni ya kweli, wala hatutaki kuyapunguza hata kidogo. Lakini mwezi huu twataka kusoma pamoja habari za vijidudu vya namna nyingine, vile vikaavyo matumboni mwa kila mtu mwenye afya tangu utoto wake mpaka kufa kwake, navyo kwa desturi havimdhuru, bali hufanya kazi ndani yake. Moja ya kazi hizo ni kutengeneza vitamini.

Tena liko jambo ambalo wengi hawalijui, nalo ndilo shabaha ya somo hili: vitamini ikitengenezwa ndani ya matumbo ya mtu, si lazima imfae mtu yule. Yategemea imetengenezwa mahali gani. Neno hili laonekana dogo, walakini kwa kutolijua watoto wachanga wamekufa, na wazee wamepotewa na nguvu za miguu na za akili.

Kwanza na tuitazame njia ya chakula. Chakula kikitoka kinywani hushuka katika tumbo, ambamo mna asidi kali, na asidi hiyo huua vijidudu vingi. Kutoka hapo huingia katika utumbo mwembamba, ambao kwa mtu mzima urefu wake wapata mita 6 hivi. Humo ndimo chakula kinamoyeyushwa kwa nyongo na maji mengine ya mwili, na humo ndimo sehemu kubwa ya vitu vyenye kufaa hunyonywa na kuingia katika damu. Kinachobaki hushuka katika utumbo mpana, wenye urefu wa mita 1 na nusu hivi, na kazi yake kubwa ni kunyonya maji na kukusanya mavi. Vijidudu hupatikana katika njia yote, ila katika sehemu za juu ni vichache, na katika utumbo mpana ni vingi kupita kiasi. Mwaka wa 2016 wataalamu wa Israeli na Kanada walipiga hesabu upya, wakakadiria ya kuwa katika mwili wa mtu mzima mna bakteria kama trilioni 38, yaani milioni 38 mara milioni moja. Nayo ni idadi iliyo karibu sawa na ile ya chembe zote za mwili wake mwenyewe. Hata hivyo uzito wa vyote pamoja ni kama gramu 200 tu, ndivyo vilivyo vidogo. Basi msomaji akumbuke mpango huu wa nyumba: mlango wa kupokelea chakula uko juu, na kijiji cha vijidudu kiko chini. Mambo yote tutakayosema yatoka hapo.

Na vitamini ni nini? Ni vitu ambavyo mwili wavihitaji kwa kadiri ndogo sana, wala hauwezi kujitengenezea vya kutosha. Vikikosekana mtu huugua, hata kama anakula na kushiba. Jina lenyewe lilibuniwa mwaka wa 1912 na Kazimierz Funk, mtu wa Poland aliyekuwa akifanya kazi London. Vitamini za mwanadamu zijulikanazo ni 13. Vijidudu vya matumbo vyaweza kutengeneza vitamini K, na nyingi za jamaa ya B. Vitamini C hatuipati kwao kamwe; sharti tule machungwa, mapera, mapapai na mboga. Leo tutachagua mbili, K na B12, kwa kuwa hizi mbili zaonyesha jambo letu waziwazi kuliko nyingine.

Habari ya vitamini K ilianza kwa vifaranga. Mwaka wa 1929 mtaalamu mmoja wa Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, jina lake Henrik Dam, alikuwa akiwalisha vifaranga chakula kilichoondolewa mafuta yote, maana alitaka kujua kama kuku aweza kujitengenezea kolesteroli. Akaona asilolitazamia. Vifaranga walivuja damu chini ya ngozi na ndani ya misuli, na damu yao ilipotolewa ilikawia mno kuganda. Akawapa kolesteroli, haikuwafaa; akawapa vitamini zilizojulikana siku zile, nazo hazikuwafaa. Hata mwaka wa 1935 akatangaza ya kuwa iko vitamini nyingine isiyojulikana bado, akaiita kwa herufi K, iliyo ya kwanza katika neno Koagulation, ambalo kwa watu wa Denmark na Ujerumani maana yake ni kuganda. Dam akapewa tuzo ya Nobel ya mwaka wa 1943 pamoja na Edward Doisy wa St. Louis katika Marekani.

Ikaonekana ya kuwa vitamini hii yapatikana mahali pawili. Pa kwanza ni majani mabichi. Ile iliyotakaswa mwaka wa 1939 ilitoka katika lusini, majani walishwayo ng'ombe. Pa pili palikuwa pa ajabu kidogo, yaani unga wa samaki. Unga huo ukiwa mkavu na mzima haukuwaponya vifaranga. Lakini ukitiwa maji na kuachwa uoze, uliwaponya. Je, ni kitu gani kilichoongezeka katika unga ule? Si kingine ila vijidudu vya kuozesha. Vijidudu vile ndivyo vilivyotengeneza vitamini K, na ile waitengenezayo ni ya umbo la pili, nayo huitwa K2. Bakteria kadhaa zikaazo katika utumbo mpana wa mtu hufanya kazi ileile.

Sasa twafika kwa mtoto mchanga. Ini la mtu hutengeneza vitu kadhaa vya kugandisha damu, na vinne katika hivyo havina nguvu yo yote pasipo vitamini K. Mtoto azaliwapo, akiba yake ni ndogo sana, kwa maana vitamini hii hupita kwa shida kutoka kwa mama mpaka kwa mtoto aliye tumboni. Matumbo yake karibu hayana vijidudu. Hivyo huingia wakati wa kuzaliwa na baada yake, kidogo kidogo, tena vile vinavyotangulia kustawi ndani ya mtoto anyonyaye havitengenezi vitamini K. Ini lake ni changa. Na maziwa ya mama, yaliyo bora kwa karibu kila jambo jingine, yana vitamini K haba: mikrogramu 1 mpaka 4 katika lita nzima, na mikrogramu ni gramu moja iliyogawanywa mara milioni.

Hapa mtu asituelewe vibaya. Hatusemi mama aache kunyonyesha, wala ampe mtoto uji au maziwa ya ng'ombe. Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake miezi 6, kama wafundishavyo waganga na wakunga. Twasema tu ya kwamba upungufu huu mmoja upo, na dawa yake ipo.

Mwaka wa 1894 tabibu mmoja wa Boston, Charles Townsend, aliandika habari za watoto 50 waliotokwa na damu katika siku za kwanza za maisha yao, na mtu hakujua sababu. Damu hutoka kitovuni, au puani, au mtoto huitapika, au choo chake huwa cheusi kama lami. Mara nyingi huwa katika juma la kwanza. Lakini iko namna nyingine ikawiayo, nayo ndiyo tunayoiogopa zaidi: humpata mtoto aliyekwisha kuonekana mzima, mnene, anayenyonya vizuri, tangu juma la pili mpaka mwezi wa 6. Kwa wengi wao damu huvuja ndani ya ubongo. Mtoto hulia kilio kisicho cha kawaida, hukataa ziwa, hulegea au hushikwa na degedege, na utosi wake huvimba. Akipona, mara nyingi hubaki na kilema. Katika nchi za Ulaya ilihesabiwa ya kuwa katika kila watoto 100,000 wasiopewa kinga, 4 mpaka 7 hupatwa na namna hii ya kukawia. Mtu atasema hao ni wachache. Ndiyo, ni wachache. Lakini kinga ni sindano moja.

Sindano hiyo hupigwa pajani, ndani yake mna miligramu 1 ya vitamini K, nayo hutolewa siku ya kuzaliwa. Chama cha matabibu wa watoto cha Marekani kiliagiza mwaka wa 1961 ya kwamba kila mtoto apewe, na Shirika la Afya Duniani nalo laagiza vivyo hivyo. Dawa hukaa katika msuli na kutoka polepole, hata mtoto akavuka miezi ile ya hatari na kuanza kula mboga.

Twajua ya kuwa akina mama wengine huiogopa, na akina bibi huwaogopesha zaidi, wakiuliza, "Mtoto amezaliwa leo, ana kosa gani hata achomwe?" Hofu hii haiko kwetu peke yetu. Mwaka wa 1992 liliandikwa katika jarida la matabibu wa Uingereza neno la kwamba labda sindano hii huleta saratani kwa watoto, na mara watu wengi wakaikataa. Ndipo wataalamu wa Uswidi walipochunguza habari za watoto zaidi ya milioni 1 waliozaliwa katika nchi yao, wakalinganisha waliopigwa sindano na waliopewa dawa ya kumeza. Mwaka wa 1993 wakatangaza kwamba hawakuona tofauti. Uchunguzi mwingi mwingine ulifuata, wala hofu ile haikuthibitishwa. Walimu wetu, ambao huitwa nyumbani mapema mtoto azaliwapo, wanaweza kuleta faida kubwa wakilieleza jambo hili kwa upole; maana mama huyasikia maneno ya mtu amjuaye kuliko karatasi iliyobandikwa ukutani.

Kadhalika tusiache kutaja kukata kimeo. Desturi hii ni ya hatari kwa mtoto ye yote, na wembe wa kuikatia huleta magonjwa mengi. Lakini kwa mtoto mchanga asiyepata vitamini K, mkato mdogo hivyo waweza kumwaga damu isiyokoma. Tena mama aliyekuwa akimeza dawa za kifafa au za kifua kikuu wakati wa mimba amwambie mkunga kabla ya kujifungua, kwa sababu baadhi ya dawa hizo humpunguzia mtoto vitamini hii, naye aweza kutokwa na damu katika siku ile ile ya kuzaliwa. Asiziache dawa zake kwa hofu hiyo. Aseme tu, ili mtoto atazamwe mapema.

Wengine watauliza: mtoto akikua, vijidudu vikajaa katika utumbo wake, je, hapo havimpi vitamini K ya kutosha? Zamani vitabu vingi vilisema ndiyo, pasipo shaka. Siku hizi wataalamu husema kwa tahadhari zaidi. Vitamini K huenda pamoja na mafuta, na ili inyonywe yahitaji nyongo. Na nyongo hufanya kazi yake katika utumbo mwembamba, juu ya kijiji cha vijidudu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ile iliyotengenezwa chini hutoka na mavi. Walakini si kazi bure kabisa. Katika hospitali wameonekana wagonjwa wasioweza kula, waliokuwa wakilishwa kwa mshipa na kupewa antibiotiki, yaani dawa za kuua bakteria, kwa siku nyingi. Hao damu yao ilikawia kuganda, hali watu wengine waliokula chakula chenye vitamini K haba, lakini bila dawa zile, hawakudhurika upesi hivyo. Basi twaweza kusema ya kuwa vijidudu hutusaidia kidogo, lakini mlezi wetu halisi katika jambo hili ni mboga za majani. Mchicha, kisamvu, matembele, sukuma wiki, majani ya maboga na majani ya kunde, yote yana vitamini K tele. Mama atiaye karanga au tui la nazi katika mboga hizo afanya vema kuliko ajuavyo, maana mafuta huisaidia vitamini kuingia mwilini.

Sasa twende kwa vitamini B12. Hii haitengenezwi na mti wo wote, wala na mnyama, wala na mtu. Katika ulimwengu wote hutengenezwa na bakteria na viumbe vidogo vilivyo jamaa zao, basi. Nyama, ini, maziwa, mayai na samaki vina B12 kwa sababu tu vijidudu viliitengeneza hapo kwanza. Tena katikati yake mna madini ya kobalti, wala haiwezi kutengenezwa pasipo madini hayo.

Tuwatazame ng'ombe, mbuzi na kondoo. Hawa wanacheua, nao wana tumbo kubwa la kwanza lililojaa vijidudu, na majani hukaa humo kabla ya kupita katika utumbo mwembamba. Kwao kijiji cha vijidudu kiko juu na mlango wa kupokelea uko chini, kinyume cha mpango wetu. Vijidudu hutengeneza B12, nayo hushuka mpaka mahali inaponyonywa. Ndiyo maana ng'ombe ala majani matupu na bado maziwa yake yana B12.

Lakini vijidudu vile navyo vyahitaji kobalti. Katika pwani za kusini za Australia na katika sehemu za New Zealand wafugaji waliona jambo la kuhuzunisha: kondoo walikonda na kufa kwa njaa wakisimama katika majani mazuri yaliyowafika magotini. Katika miaka ya 1930 wataalamu wa Australia wakatambua ya kuwa ardhi ile haina kobalti ya kutosha. Kondoo mmoja hahitaji hata sehemu ya 5 ya miligramu kwa siku, na akiikosa hiyo hufa. Kwetu Afrika ya Mashariki ugonjwa huo ulijulikana pia. Katika malisho ya upande wa Nakuru, nchini Kenya, ng'ombe walidhoofika hivyo hivyo, na ugonjwa ukapewa jina la mji, ukaitwa Nakuruitis. Baadaye ukajulikana kuwa ni upungufu wa kobalti. Wafugaji walipowapa wanyama kobalti katika chumvi ya kulamba, wanyama walirudiwa na afya. Kwa hakika hawakuwalisha ng'ombe; waliwalisha vijidudu waliomo ndani ya ng'ombe.

Sungura naye hacheui kama mbuzi, na vijidudu vyake viko nyuma kama vyetu. Yeye ana ujanja wake. Hutoa kinyesi cha namna mbili, kigumu na laini, na kile laini hukila palepale kitokapo, ili vitamini zilizotengenezwa chini zipite tena juu na kunyonywa.

Mwanadamu hafanyi hivyo, wala hatumshauri. Katika utumbo wetu mpana mna bakteria zitengenezazo B12, tena si kidogo, lakini mahali pa kuinyonya ni mwisho wa utumbo mwembamba, nako ni juu yake. Mwaka wa 1951 matabibu wa Uingereza walichukua mavi ya wagonjwa wenye upungufu mkubwa wa damu uletwao na ukosefu wa B12, wakayasafisha, wakapata ndani yake dawa yenye nguvu ya kurudisha damu. Fikirini jambo hili: mgonjwa adhoofika kwa kukosa kitu ambacho kila asubuhi akitupa chooni.

Ugonjwa huo zamani ulikuwa hukumu ya kifo. Mwaka wa 1926 George Minot na William Murphy wa Boston walitangaza ya kuwa wagonjwa 45 walipata nafuu kwa kula ini kwa wingi kila siku. Mwaka wa 1929 mwenzao William Castle akaonyesha kwamba tumbo lenye afya hutoa kitu fulani ambacho hushikana na ile dawa iliyomo katika nyama na kuifikisha mahali inaponyonywa. Tumbo la mgonjwa halikitoi. Na dawa yenyewe ilipatikana safi mwaka wa 1948, katika Marekani na Uingereza karibu wakati mmoja, nayo ni chembechembe nyekundu. Hata leo viwanda havina njia nyingine ya kuitengeneza B12 kwa wingi ila kufuga bakteria katika mapipa makubwa.

Mtu mzima ahitaji mikrogramu 2.4 kwa siku, nazo ni kidogo mno. Ini huweka akiba itoshayo miaka kadhaa, na kwa sababu hiyo upungufu huja polepole, wala mtu hautambui. Walio katika hatari ni wazee, ambao tumbo lao limepunguza asidi; waliokatwa sehemu ya tumbo; wenye kisukari wanaomeza metformini miaka mingi; na wale wasiokula nyama, samaki, mayai wala maziwa, ama kwa hiari, ama kwa umaskini. Mtoto anyonyeshwaye na mama mwenye upungufu huu naye hupungukiwa. Dalili zake ni kuchoka, kupauka, ulimi kuuma na kuwa laini, ganzi na michomo katika miguu na vidole, kupepesuka gizani, na kusahau. Ni mara ngapi mzee mwenye dalili hizi huambiwa amerogwa, au kwamba ni uzee tu! Uzee haudaiwi na damu. Mzee huyo apelekwe apimwe.

Tena asianze kununua vidonge vya kuongeza damu dukani. Vidonge vya foliki, ambayo ni vitamini nyingine ya jamaa ya B, vyaweza kuirudisha damu ya mtu aliyekosa B12, hata akaonekana amepona, huku mishipa yake ya fahamu ikiendelea kuharibika mpaka isiweze kurudi tena. Foliki ni njema na ya lazima kwa mwanamke mwenye mimba, wala hatumkatazi. Twamsema mzee ajitibuye mwenyewe.

Kwa wengi wetu kinga ya B12 iko jikoni: dagaa, samaki, yai, kikombe cha maziwa au mtindi, kipande cha ini mara moja moja. Haidhuru kikiwa kidogo. Mchicha, ambao tumeusifu hapo juu kwa vitamini K, hauna B12 hata chembe, wala maharage hayana.

Tusidhani ya kuwa vijidudu vyatengeneza vitamini kwa ajili yetu. Vyatengeneza kwa ajili yao wenyewe, maana navyo vyazihitaji ili viishi. Mwaka wa 2015 wataalamu walichunguza urithi wa bakteria 256 za matumbo ya watu, wakitafuta ni zipi zenye uwezo wa kutengeneza kila moja ya vitamini 8 za jamaa ya B. Wakaona ya kuwa kwa kila vitamini, kama 40 mpaka 65 katika kila bakteria 100 zaonekana kuwa na uwezo huo, na nyingine hazina. Mara nyingi asichoweza huyu, yule aweza. Hukopeshana kama majirani waombanao chumvi. Foliki kidogo itengenezwayo humo hunyonywa na utumbo mpana wenyewe, ambao kwa vitamini hii una mlango wake mdogo. Hapa basi twapokea kitu kutoka kwa wapangaji wetu pasipo kuwaomba.

Yamebaki maswali mawili ambayo watu huuliza kila mara habari hizi zikitajwa. La kwanza, je, togwa na mtindi huongeza vijidudu vyema? Vijidudu vya togwa na mtindi hupita, na kwa kawaida havijengi makao ya kudumu matumboni. Hata hivyo katika miaka ya 1990 uchunguzi uliofanywa Tanzania ulionyesha ya kuwa watoto wadogo walionyweshwa togwa walikuwa na vijidudu vya kuharisha vichache zaidi katika choo chao kuliko wasionyweshwa. Ni chakula chema kwa mtoto aliyekwisha kutimiza miezi 6, kikitengenezwa kwa maji yaliyochemshwa na chombo safi.

La pili ni la antibiotiki. Dawa hizi huokoa maisha, na mtu aliyeandikiwa azimeze mpaka dozi iishe. Ubaya uko katika kuzinunua kwa kila mafua na kila tumbo kuuma, vidonge viwili leo, vitatu kesho. Dawa haiwezi kumtenga mwizi na mwenye nyumba. Huua vijidudu vibaya na vile vingine pia, na vilivyouawa huchukua majuma kadhaa kurudi, na vingine hukawia zaidi. Katika siku hizo mgonjwa ale mboga za majani akiweza. Na mama aliye na mtoto wa chini ya miezi 6 atazame kadi ya kliniki, kama imeandikwa humo ya kuwa alipewa vitamini K siku ya kuzaliwa. Ikiwa haikuandikwa, ampeleke mtoto na kuuliza, hata kama anacheka na kunyonya vizuri. Na akiona damu kitovuni au puani, au choo cheusi, aondoke saa ile ile, asingoje asubuhi.